Ufunguo wa Pili

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na wajukuu zangu, na kwamba ile baridi uliyokuwa ukiilalamikia imepungua. Sisi huku miili ni mizima. Nasema miili kwa sababu mengine siwezi kuyaapia.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa kuwa kila nikishika simu baba yako anaanza kukohoa mlangoni. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Habari yenyewe ni ya macho yake. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba presha ya macho imeshakula pembeni kote, imembakishia katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akamwambia, "Mzee, usukani sasa basi." Baba yako akamjibu, "Mimi nilikuwa naendesha gari la wagonjwa wewe hujazaliwa." Tukatoka pale, akawasha gari, akatuendesha hadi nyumbani. Mimi nimekaa kando yake nimeng'ang'ania mlango.

Tangu siku hiyo ameshagonga nguzo ya geti, akasema mwashi aliijenga vibaya. Nguzo ambayo wewe ulikuwa ukiipanda ukiwa na kaptula. Ameshambeba kuku wa jirani kwenye bampa. Hayo nikayameza. Wiki iliyopita tulikuwa tunapeleka mikate shuleni, na pale kwenye kivuko watoto walikuwa wanavuka. Mwalimu wa zamu alikuwa ameinua mkono, mtu mzima, mrefu, koti jekundu. Baba yako hakumwona. Nilipiga kelele, yeye akakanyaga breki, na yule mwalimu akalipiga boneti makofi mawili kwa viganja vyake. Unajua baba yako alisema nini? Alisema, "Watu siku hizi wanajirusha tu barabarani."

Nikanyoosha mkono nikazima gari na kuchomoa ufunguo. Nikashuka. Trei za mikate nilizibeba kichwani, na gari tukalisukuma pembeni na yule yule mwalimu. Ufunguo uko kwangu na hautoki.

Sasa baba yako hasemi nami. Anakula amenipa mgongo. Mikate inakwenda kwa mkokoteni na inafika imebonyea. Kwa hiyo nimejiandikisha shule ya udereva. Miaka yangu ni sitini na miwili, naijua, huna haja ya kunikumbusha. Mtihani wa barabarani ni mwezi wa nne.

Sikuombi kitu. Ila akikupigia kunishtaki, mwambie tu kwamba mama yuko sawa. Anakusikiliza wewe kuliko daktari.

Wasalimie wote.

Mama yako

*

22 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeipata. Sisi hatujambo, wajukuu zako wanakua, mdogo ameng'oka jino. Mke wangu anakusalimia sana.

Mama, Baba alikuwa ameshanipigia kabla barua haijafika. Sijawahi kumsikia vile. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alisema, "Mama yako amenipokonya ufunguo mbele ya watoto wa shule." Akakata simu.

Nimekasirika na sitakuficha. Huyo ni King'ora, Mama. Mji mzima unamwita hivyo. Nusu ya watu wa mtaa wetu walizaliwa kwa sababu yeye aliwafikisha mama zao hospitali kwa wakati, usiku na mvua, na hajawahi kumkwaruza mtu. Leo unamsukumia gari pembeni kama mlevi. Kulikuwa na namna ya kuzungumza naye. Ungenipigia mimi, ningemwambia polepole, mwanamume kwa mwanamume.

Na hili la wewe kujifunza kuendesha, nakuomba uliache. Si dharau. Mimi barabara naijua, ndiyo kazi yangu, na naona wanavyofanywa watu waliojifunza ukubwani. Wanapigiwa honi, wanatukanwa, wanapata hofu katikati ya makutano. Na kule nyumbani watu watasema nini? Kwamba King'ora anaendeshwa na mkewe? Mtafutie dereva wa kupeleka mikate. Mrudishie Baba ufunguo wake, aende mpaka kwa kinyozi na kurudi, njia anayoijua hata akifumba macho. Hiyo haitamdhuru mtu.

Samahani kama nimesema kwa ukali. Nasema kwa sababu nawapenda wote wawili.

Mwanao

*

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Jino jipya la mjukuu liote salama.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaenda kukanda unga. Unga ule ulikandwa siku hiyo kuliko siku zote. Sasa nimetulia kiasi cha kushika kalamu, lakini usidhani nimepoa.

Kwanza, "hata akifumba macho." Umeandika wewe, kwa mkono wako. Wewe unapimwa macho kila mwaka kabla hawajakukabidhi lori. Wakikuona una kasoro watakuambia ukae nyumbani, na utakaa, na hakuna atakayesema umevuliwa nguo. Mbona sheria ya macho ni ya kwako huko tu? Watoto wanaovuka hapa hawana mama?

Pili, mwanamume kwa mwanamume. Mimi nimelala kando ya huyo mwanamume tangu kabla hujatungwa. Nilizungumza naye polepole tangu mwaka jana. Nilizungumza naye kwa chai, nikazungumza naye kwa machozi, nikamtuma kaka yake. Wewe polepole yako ingekuwa ya dakika tano kwenye simu, halafu unakwenda zako kulala.

Tatu, hukuniuliza hata kidogo najifunzaje. Nitakuambia bila kuulizwa.

Mwalimu wangu ni kijana tunayemwita Kocha kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni. Siku ya kwanza aliniita bibi. Nikamwambia, "Bibi yako yuko kwenu. Hapa mimi ni mwanafunzi." Ameacha. Gari la shule ni bovu, klachi yake ni ngumu mpaka goti langu lilivimba, nikawa nalikanda kwa maji ya moto kama mikate. Wiki nzima ya kwanza kazi yangu ilikuwa kuzimisha gari. Nililizimisha mbele ya bucha, mbele ya benki, mbele ya kituo cha polisi. Pale bucha wanaume wanaokaa kwenye benchi walipiga makofi. Mmoja akasema, "Mama Mkate, rudi kwenye oveni." Nikashusha kioo nikamwambia kesho asije kununua mkate kwangu, na hajaja kweli, na sijapungukiwa.

Kinachonishinda ni kilima. Unasimama katikati ya mwinuko, gari linataka kurudi nyuma, unatakiwa uachie klachi kidogo mpaka ulisikie gari limejikaza, ndipo uachie breki ya mkono. Mimi nikihisi linarudi, mguu unaruka. Kocha anasema nina haraka. Si haraka, ni hasira. Nakuwa nimekaa pale nawaza miaka yote niliyokaa kiti cha kando. Wewe ulipokuwa mchanga nilimwomba baba yako anifundishe. Akasema, "Utaligonga." Nikacheka nikanyamaza. Wewe alikufundisha ukiwa na miaka kumi na minne, ukaligonga kwenye kisima siku ya pili, akacheka, akakukanda mabega. Nilikuwa dirishani nawatazama.

Watu watasema nini, unauliza. Waseme. Wana midomo.

Ufunguo haurudi.

Mama yako

*

25 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Nitaandika kwa kifupi kwa sababu sitaki tuzidi kuumizana.

Baba amenipigia mara tatu. Anasema anakaa ndani kama mfungwa na wewe unazunguka mjini na kijana mwenye filimbi. Mama, lile gari ni lake. Alilinunua kwa jasho lake na kila boliti anaijua. Huwezi kuchukua mali ya mtu ukasema hairudi.

Sipendi kufanya mambo kwa kificho ndiyo maana nakuambia. Ufunguo wa pili wa gari uko kwenye kiatu changu cha mpira juu ya kabati la chumba cha nyuma, tangu siku zile nikiwa kijana mtundu. Nimemwambia Baba. Nimemwomba aende karibu tu na aende taratibu, na amenipa neno lake.

Najua utakasirika. Naomba ulione kwa upande wake pia.

Mwanao

*

11 Aprili

Barua yako imefika leo. Umeiandika tarehe ishirini na tano, ikatembea, ikafika leo. Sasa nisikilize.

Jumanne iliyopita ndiyo ilikuwa siku yangu ya mtihani. Niliamka mapema, nikaoka, nikapanga trei kwenye meza, nikamwacha baba yako amngoje mwenye mkokoteni. Uwanjani tulikuwa wengi na wote wangekuwa wanangu. Nilipoitwa nilifanya vizuri mzunguko, nikafanya vizuri makutano, kilima nilikipita huku jasho linanitiririka mgongoni. Kisha nikaambiwa nirudi nyuma kati ya nguzo mbili. Nikagusa moja. Haikuanguka hata, ilitikisika. Afande aliyekuwa akinipima, mwanamke mwenye uso mkavu, akaandika, akasema, "Utarudi tena, mama." Nikamwambia asante, nikashuka, nikaanza kutembea kurudi nyumbani. Nilikuwa nimekasirika na nguzo. Nilidhani hiyo ndiyo hasira yangu ya siku.

Pale kona ya duka la dawa niliona watu wamejaa. Kisha nikaona mkate barabarani. Halafu mwingine. Mikate yangu, ina alama ya kisu changu.

Mwenye mkokoteni alikuwa amechelewa, na baba yako akaamua kuipeleka mwenyewe. Jua la asubuhi lilikuwa usoni. Pale kona anakaa fundi viatu, unamjua, yule anayeitwa Soli, aliyekushonea mkoba wako wa shule mara zote ulipokatika. Yuko pembeni kabisa, kwenye kibao chake, hayuko barabarani. Baba yako anasema hakuona mtu. Alikata kona kama anavyoikata siku zote, njia anayoijua hata akifumba macho. Kibao kikasagika, na mguu wa Soli uko chini ya kibao.

Mfupa umevunjika juu ya goti na chini ya goti.

Na haya nayaandika kwa sababu wewe hukuyaona na nataka uyaone. Baba yako alishuka akapiga magoti kando yake. Alijua la kufanya, mikono yake yote ilijua, alishavua shati na kulichana vipande. Lakini alikuwa anapapasa tu. Aligeuza uso kwa watu akawauliza, "Anavuja wapi? Niambieni anavuja wapi." Walidhani ameingiwa na wazimu. Nikapenya, nikapiga magoti, nikaushika mkono wake nikauweka penye damu. Akakaza shati pale, akashikilia mpaka gari la wagonjwa likafika. Dereva wake ni kijana aliyefundishwa na baba yako mwenyewe. Alimwondoa kwa mabega akamwambia, "Kaa kando, mzee."

Nilimuuliza ufunguo ameutoa wapi. Nimemuuliza kila siku tangu Jumanne, anatazama ukuta. Alikuwa anakulinda. Leo barua yako imenijibu.

Usinipigie. Usimpigie. Usitume chochote.

Mama

*

2 Mei

Shikamoo Mama,

Sijui nianzie wapi. Barua yako niliisomea garini, nikashindwa kushuka.

Vipi hali ya Soli? Mguu utapona? Baba je, polisi wamemfanya nini? Napiga simu inaita tu. Mama, sikujua. Laiti ningejua macho yamefikia pale nisingethubutu. Alinipa neno lake. Aliniambia anaona vizuri ila daktari ni mtoto. Wewe ungekuwa mimi, ungewezaje kumwamini baba yako maisha yako yote halafu leo usimwamini?

Nijibu tafadhali, hata mstari mmoja.

Mwanao

*

13 Juni

Shikamoo Mama,

Mwezi na zaidi umepita, hukujibu. Kila siku nikitoka kazini natazama sanduku la posta. Basi nitukane, lakini niandikie.

Niliandika kwamba sikujua. Nimeirudia barua yako ya kwanza na nimeona kwamba uliniambia yote. Bomba, mwalimu mwenye koti jekundu, yote. Nilijua. Sikutaka tu kwamba iwe hivyo. Mtu niliyemwona maisha yangu yote anaendesha kuliko watu wote, nilitaka aendelee kuwa hivyo, na wewe ndiye uliyekuwa unaleta habari mbaya, nikakukasirikia wewe.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye lori uwanjani kwetu, injini imezimwa. Nikakunja ngumi mbili nikachungulia kwa ndani kama darubini, nione anavyoona. Nikasema nitakaa hivyo kidogo. Mwenzangu alipita upande wa kulia akazunguka mbele akaja mlangoni, mtu mnene mwenye fulana ya kung'aa, sikumwona hata chembe mpaka alipogonga mlango. Nikashuka nikatapika kwenye tairi. Akadhani naumwa. Nilimwambia ndiyo.

Mama, naona aibu na nina hasira, na hasira nyingine ni kwako wewe kwa kuninyamazia, sitakudanganya. Mimi ni mwanao hata nikikosea.

Mwanao

*

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mu wazima huko? Watoto wamefunga shule?

Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoanza kuandika karatasi ilichanika. Sikuwa nakuadhibu. Nilikuwa najizuia kukuandikia maneno ambayo ungeyakuta tena ukiwa mzee. Hasira yangu haijaisha. Nimeiweka tu mahali ambapo hainizuii kufanya kazi.

Nakujibu uliyouliza. Soli yuko hai. Mguu hawakuukata, ila goti halikunji na wanasema huenda lisikunje tena. Hakimu amemfungia baba yako leseni moja kwa moja na ametuamuru tubebe matibabu, na tunayabeba. Usitaje habari ya kutuma kitu, nilikukataza na bado nimekataza. Hutalipita hili kwa kutuma kitu.

Nilikwenda kwa mke wa Soli nikiwa na mkate. Alisimama mlangoni, akautazama, akaupokea. Akasema, "Mkate nachukua kwa sababu watoto wanakula. Msamaha sijachukua." Nikamwambia sijauleta, najua haubebeki kwenye trei. Tangu hapo nakwenda kila siku mbili tatu. Hatuzungumzi mengi. Ananipa kigoda.

Sasa ya mtihani. Gari letu lilipotoka polisi likanyooshwa bampa, nikamwomba Kocha aje kunifundishia kwenye hilo hilo. Siku ya kwanza, tunataka kutoka getini, mlango wa kando ukafunguliwa. Baba yako akaingia. Hajasema nami neno tangu ile Jumanne, ameingia tu, amefunga mkanda, ametazama mbele. Kocha akahamia nyuma na filimbi yake.

Tukaenda mpaka karibu na shule. Nilipobadilisha gia, baba yako akasema, "Umechelewa."

Nikalisimamisha gari katikati ya barabara. Nikamwambia, "Rudia."

Akasema, "Injini ilikuwa inalia tangu pale kwenye mti. Umechelewa gia."

Mwanangu, nilimwambia yote. Magari yanapiga honi nyuma yetu na mimi namwambia. Nilimwambia habari ya kukaa dirishani nikiwatazama mkicheka. Nilimwambia habari ya mwalimu, na kuku, na nguzo ya geti, nikamwambia mguu wa Soli ni wake, ataukuta kila asubuhi akiamka. Nikamwambia ashuke. Kocha nyuma alikuwa ameinama kama anatafuta kitu sakafuni.

Baba yako hakushuka. Alisema, "Umemaliza?" Nikasema bado. Akasema, "Basi maliza ukiwa unaendesha, watu wanangoja."

Na ndivyo tulivyojifunza tangu mwezi wa tano, kwa ugomvi. Kilimani alikuwa ananiambia, "Usitazame mguu wako, sikiliza gari," nami namwambia yeye ndiye angesikiliza watu. Tukirudi nyuma kati ya ndoo mbili alizoziweka yeye uani, akisikia ndoo imeguswa anasema, "Huyo umemuua," nami siku moja nikamwambia neno hilo alichague vizuri. Kesho yake alisema tu, "Umeigusa." Sijui kama huko ndiko kupatana. Ila sasa tunakula tukitazamana, na akiniudhi anajua saa ile ile.

Mtihani wa mara ya pili nilipewa afande yule yule. Kilimani lori lilisimama nyuma yangu, karibu mno, linapiga honi. Siku za nyuma mguu ungeruka. Nikawaza, huyu naye akae anisubiri, nimesubiri mimi miaka yangu yote. Nikasikiliza, gari likajikaza, nikaachia breki ya mkono. Halikurudi hata kidogo. Kati ya nguzo nilirudi polepole mpaka afande akaanza kutazama saa yake. Aliposaini alisema, "Mama, mbona uso umeukunja hivyo? Umefaulu." Nikamwambia ndivyo nilivyozaliwa.

Sasa nampeleka Soli kliniki. Nilipomwendea mara ya kwanza, alitokea mlangoni na magongo yake, akaliona lile gari, rangi ikamtoka. Akauliza, "Nani anaendesha?"

Nikasema, "Mimi."

"Una leseni?"

Nikamwonyesha. Akaisoma mbele na nyuma, taratibu, nami namngoja. Kisha akasema, "Huyo mzee akae mbele ambapo namwona." Akapanda.

Hiyo ndiyo habari. Sijui nikuambie nini kuhusu wewe. Umesema mimi ndiye niliyeleta habari mbaya ukanikasirikia. Hilo angalau ni kweli, na umelisema bila kusukumwa. Nimelisoma mara nyingi.

Mama yako

*

24 Julai

Shikamoo Mama, shikamoo Baba,

Hongera ya leseni. Nilimsomea mke wangu ile sehemu ya kilima akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sikuelewa. Mkubwa anasema akija likizo utampeleka kila mahali.

Nimepata ruhusa kazini. Nakuja peke yangu. Nitafika Alhamisi tarehe kumi na nne Agosti, basi linaingia stendi asubuhi. Msisumbuke kuja, nitachukua teksi hadi nyumbani. Nilikuwa nafikiri nipumzike kwanza siku mbili tatu nikizungumza na Baba, halafu tutafute siku nzuri, labda pamoja na mjomba na wazee wengine wa mtaa, tukamwone Soli. Sijui nitamwambia nini. Ningependa tuwe wengi.

Mwanao

*

3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na baba yako anaitikia pia. Tunashukuru kwamba mnaendelea vizuri. Sisi wazima.

Usichukue teksi. Nitakuja stendi mwenyewe, simama upande wa lango kuu kwa sababu ule mwingine hawaruhusu kuegesha. Mbele anakaa baba yako, kwa hiyo mzigo wako uwe mdogo.

Habari ya siku mbili tatu, na mjomba, na wazee, sahau. Alhamisi ni siku ya Soli ya kliniki. Tukitoka stendi tunakwenda moja kwa moja kumchukua, nimeshamwambia na amesema sawa tu.

Utakaa nyuma pamoja naye. Goti halikunji, kwa hiyo huwa anakaa kwa kuegemea mlango na mguu anaulaza juu ya kiti. Siku hiyo kiti utakuwa umekikalia wewe, basi ataulaza mapajani kwako. Barabara ya kliniki ina mashimo, na mimi nayapita polepole, lakini mengine hayakwepeki. Ushike kwa mikono miwili, mmoja chini ya goti na mwingine kwenye kifundo, usiubane. Ukimuumiza atakuambia.

La kumwambia utalipata njiani, au hutalipata. Wewe shika mguu.

Mama yako